Penzi la kwanza lisiloishia makaburini

Wanafunzi wa Mbagala, Tandale na Bunju wanajifunza kupenda, kuona haya na kukua kupitia tamthiliya za shule za Korea. Kwa Kiswahili, hadithi za umri wao bado zinaishia kwa fimbo, mimba au msiba.

Ijumaa jioni, Mbagala Rangi Tatu. Daladala zinamwaga abiria, wauza samaki wameshawasha taa zao, na ndani ya fremu nyembamba iliyojaa mabango ya muvi kijana ameketi mbele ya kompyuta ambayo herufi za kibodi yake zimefutika. Wasichana wawili wamesimama kaunta, sketi za shule bado mwilini. Mmoja anavuta uzi shingoni na kutoa flashi.

Wanataka ile ya Wakorea, ya shule, iliyotafsiriwa. Mwenye duka hana haja ya kuuliza jina. Anauliza wameishia ya ngapi, anachomeka flashi, na mstari wa kijani unaanza kutembea kwenye kioo.

Fremu kama hii iko Tandika, iko Mwananyamala, iko Tegeta karibu na kituo. Zipo kwa sababu vifurushi vya intaneti ni ghali kwa mwanafunzi, na flashi moja inazunguka darasa zima. Usiku ule ule, kwenye sebule zenye televisheni ndogo, dada, binamu na mtoto wa jirani watakaa mkekani kumtazama msichana wa Seoul akikwama kusema sentensi moja mbele ya mvulana anayempenda.

Watacheka mpaka mama mwenye nyumba agonge ukuta.

SAFARI YA KUTOKA SEOUL

Tamthiliya za Kikorea hazikufika uswahilini kupitia kumbi za sinema za mjini. Njia ilishachongwa na watu wa hapa hapa. Enzi za kanda za VHS, mtazamaji asiyefuata Kiingereza cha maandishi ya chini alikuwa na msimulizi wake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za Marekani na za Asia kwa Kiswahili cha mtaani. Alieleza, alionya, alitania, na aliongeza ambacho mwandishi wa filamu hakukiandika.

Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, aliichunguza kazi hiyo ya Dar es Salaam na kuiandikia makala ambayo jina lake linazungumzia kuugeuza wali kuwa pilau. Kampala nako wapo mabingwa wa aina hiyo, akiwamo VJ Jingo. Vibanda umiza vya Temeke na Kinondoni vilijengwa juu ya sauti za watu hawa sawasawa na vilivyojengwa juu ya mechi za mpira.

Kisha televisheni ikafuata. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthiliya ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, inayomhusu Mao Doudou, mke kijana anayehangaika na mama mkwe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja jukwaani. Kumsikia Mwasia akigombana kwa Kiswahili kukawa jambo la kawaida.

Kwa hiyo Wakorea walipokuja, mlango ulikuwa wazi. Walianza wafalme na mashujaa wenye panga. Nyuma yao wakaja wanafunzi.

Maarufu kuliko zote ni Boys Over Flowers, iliyorushwa na shirika la utangazaji la KBS mwaka 2009 kwa sehemu 25, ikiwa na asili yake kwenye katuni ya Kijapani ya Yoko Kamio. Geum Jan-di ni binti wa dobi. Anaingia shule ya watoto wa matajiri kwa ufadhili, jioni anafanya kazi kwenye mgahawa wa uji wa mchele, na anapambana na Gu Jun-pyo, mrithi wa kampuni kubwa ambaye hajawahi kuambiwa hapana. Katika siku zao za mwanzo Jan-di anamrukia na kumchapa teke mbele ya watu.

Msichana wa Mbagala hahitaji kuelezwa kitu hapo. Sare iliyofuliwa usiku ikakaushwa kwa pasi anaijua. Kumsaidia mama gengeni kabla ya kufungua daftari anakujua. Na hamu ya kumpiga teke mvulana mwenye kiburi, hiyo nayo anaijua.

Binafsi naipa nafasi ya juu zaidi Reply 1997, iliyorushwa na kituo cha tvN mwaka 2012. Hii haina majumba wala ndege binafsi. Iko Busan, mji wa bandari, kwenye nyumba ambamo mama hupika chakula cha kulisha mtaa na baba hugombana na binti yake kuhusu matokeo ya mtihani na mapenzi yake ya kichaa kwa kundi la muziki la H.O.T. Mvulana anayempenda binti huyo amekua naye tangu utotoni. Ndiyo maana kumwambia kunamshinda.

Vichekesho vyake vinatoka humo humo: kwenye neno lililokwama kooni, mwili uliorefuka ghafla, rafiki anayejua siri na hawezi kuitunza. Hakuna anayekufa kwa kumtazama mwenzake darasani. Anaaibika, anachekwa, halafu kesho yake anavaa sare na kurudi shule.

> Anaaibika, anachekwa, halafu kesho yake anavaa sare na kurudi shule.

BARUA YA CHARLES

Sasa tuangalie tulichowapa sisi.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika. Mapema kabisa katika riwaya hiyo, Rosa, msichana mdogo wa Ukerewe, anapata barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, anaigundua, na kinachofuata ni kipigo. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, anafika mahali ambapo jicho la baba halimwoni, na hapo maisha yake yanasambaratika mpaka anajiua. Kezilahabi alikuwa akiwasema wazazi. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, ingawa waliokihitaji zaidi ni wanafunzi na baba zao.

Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, inamhusu karani wa sensa aliyependa akaharibu kazi ya taifa. Hukumu imewekwa kwenye jina lenyewe.

Kisha kuna tamthiliya ya Kilio Chetu, ya Medical Aid Foundation, iliyokaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha tatu na cha nne. Wazazi wanabishana kama watoto waelezwe habari za kujamiiana au wanyamaziwe. Wakati wakubwa wanabishana, Joti na Anna wameshapendana, na mwisho ni mimba na UKIMWI.

Sitaki kuvidharau vitabu hivi. Kilio Chetu kiliandikwa miaka ambayo familia zilikuwa zikizika, na kilisema ukweli ambao misikiti, makanisa na sebule nyingi zilikuwa zinaukwepa. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993, ulikuwa na kazi hiyo hiyo. Jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999 na kusambazwa mashuleni, liliwafundisha vijana wengi kujilinda. Tamthiliya ya televisheni ya Siri ya Mtungi iliyokuja mwaka 2012, nzuri kwa picha na uigizaji, ilifadhiliwa na Marekani kwa lengo la afya.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo halisemwi sana. Kwa zaidi ya miaka thelathini, fedha za kutengeneza hadithi za vijana kwa Kiswahili zimetoka sana kwenye bajeti za afya. Bajeti ya afya hununua onyo. Haina fungu la mvulana aliyejipaka mafuta mengi usoni kwa sababu leo amepangwa kufagia darasa pamoja na msichana fulani.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akiwa amesoma kwa Kiswahili namna nyingi za mapenzi kuua, na pengine hajasoma hata moja ya mapenzi kumkuza mtu. Kicheko amekipata kwenye flashi.

> Bajeti ya afya hununua onyo.

WAZAZI WANAOGOPA, NA WANA SABABU

Mzazi wa Kiburugwa au Mabwepande anayezima televisheni si mkatili. Anajua gharama.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 jela kwa anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba msichana atakayejifungua hatarudi shule ya serikali akiwa madarakani yeye. Wasichana walioilipia kauli hiyo ni wengi, na wengine leo wana watoto walio shule ya msingi. Ni Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Joyce Ndalichako, ilipotoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha shule, pamoja na waliojifungua, warudi darasani.

Na ajabu iliyoje: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipeleka Serikali mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaisimamia hukumu hiyo Oktoba 2019. Binti wa miaka hiyo aliweza kupelekwa kwa mume kwa baraka za sheria, ilhali binti wa umri huo huo aliyekutwa na barua ya mwanafunzi mwenzake aliitwa mstarini na kuchapwa.

Fimbo nayo iko kwenye kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko vinne, kwa kibali cha mkuu wa shule. Simu shuleni ni marufuku. Mzazi aliyelelewa hivyo, na aliyeona jirani yake akifukuziwa mtoto, anaona usalama uko kwenye kufunga kila dirisha.

Yako pia malalamiko dhidi ya tamthiliya zenyewe, na hayo nayachukua kwa uzito. Boys Over Flowers ina mambo mabaya ndani yake. Jun-pyo na wenzake wanampa mwanafunzi kadi nyekundu, na shule nzima inaanza kumtesa. Jun-pyo anamburuta Jan-di kwa mkono bila kumuuliza. Anamvalisha nguo za bei kubwa bila ridhaa yake. Kamera inayapamba hayo kwa muziki mtamu kana kwamba ni mahaba. Binti akiyameza bila mtu wa kuzungumza naye, anaweza kuamini kuwa mwanaume anayelazimisha ndiye anayependa kweli.

Tatizo ni kwamba wanaozima televisheni hawafiki hapo kwenye mazungumzo. Televisheni ikizimwa, flashi huhamia kwa jirani.

LIFTI NA CHIPSI

Kila mtu Mbagala na Bunju anajua hatari inatoka wapi.

Msichana anatoka shule saa za jioni. Makondakta wanamkwepa kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Anasimama kituoni mpaka miguu inawaka moto. Anatokea mtu mzima na pikipiki, au na gari, anampa lifti. Wiki ijayo anamnunulia chipsi. Baadaye anamtumia vocha. Mtu huyo ana miaka thelathini, ana mke, na hajawahi kuona haya mbele ya huyo binti hata dakika moja.

Huyo si mvulana wa Reply 1997. Huyo anajua kuongea na haoni aibu, na hana la kupoteza.

Kwangu mimi hili ndilo linalozipa tamthiliya bora za shule za Kikorea thamani yake hapa kwetu. Zinamwonyesha binti penzi la watu walio sawa: rika moja, sare moja, woga mmoja, wote wawili wakiwa na mtihani kesho. Aliyeshawahi kulitazama na kulicheka ana kipimo mkononi. Mwenye pikipiki akija na maneno laini, binti ana cha kulinganishia.

Mahubiri hayampi kipimo hicho. Mahubiri humwambia kuwa mapenzi yote ni shimo. Akisikia moyo wake unadunda, anajiona ameshatumbukia, na hapo anaacha kuuliza nani anamsukuma.

> Zinamwonyesha binti penzi la watu walio sawa: rika moja, sare moja, woga mmoja.

Na wavulana? Wavulana tumewasahau kabisa. Katika hadithi zetu za shule mvulana ni mharibifu au ni maiti. Kijana wa Tandale mwenye miaka kumi na sita, sauti inakwaruza, anampenda mwanafunzi mwenzake na hajui aanzie wapi, hana mtu wa kujifunzia kuwa kuambiwa hapana si matusi. Jun-pyo naye anafundishwa hivyo, kwa teke na kwa sehemu nyingi za tamthiliya, na kadiri anavyofundishwa ndivyo anavyokuwa mtu.

KOREA NAYO INA MITIHANI

Wapo walimu wanaosema vichekesho vya mapenzi vitashusha ufaulu. Basi watazame vinakotoka.

Korea Kusini ni moja ya nchi zinazokesha kwa ajili ya mitihani kuliko zote duniani. Kila Novemba wanafunzi hufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu uitwao suneung, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege husitisha kuruka na kutua ili kelele zisiwasumbue. Vituo vya masomo ya ziada mjini Seoul ilibidi vipigwe marufuku kufundisha baada ya saa nne usiku.

Nchi hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza vichekesho hivi. KBS ilianza mfululizo wake wa tamthiliya za shule mwaka 1999 na umeendelea kwa awamu nyingi, ukigusa uonevu, walimu waliokata tamaa, urafiki na mapenzi ya mara ya kwanza. Vijana wanaobanwa hivyo walihitaji mahali pa kucheka kuhusu maisha yao, na watu wazima wa nchi yao wakaona kazi hiyo inastahili fedha na waandishi wazuri.

KWA NINI HATUNA YETU

Aprili 2017 wasanii wa filamu waliingia Kariakoo kuandamana wakipinga filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Hoja yao ilikuwa na uzito. Anayetoa nakala ya tamthiliya ya Kikorea hajamlipa mwandishi, mwigizaji wala Mkorea yeyote, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamkataza. Mtayarishaji wa Sinza anayelipa kamera, chakula cha waigizaji na kibali cha Bodi ya Filamu hawezi kushindana naye kwa bei.

Lakini wale wasichana wa Rangi Tatu hawakuikimbia filamu ya Kitanzania ya shule wakafuata ya Kikorea. Hiyo ya Kitanzania hawakuikuta dukani.

Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyofungua njia ya Bongo Movie, ilikuwa ya vijana na wanamuziki wao. Baada ya hapo tukahamia kwenye mageti ya Mbezi Beach, kwenye waume wanaosaliti, wachawi na urithi. Waigizaji wenye miaka thelathini wakawa wanaigiza wanafunzi pale ilipobidi. Kwenye filamu ya T-Junction ya mwaka 2017 mwongozaji Amil Shivji aliwapa wasichana wawili wa Dar es Salaam urafiki wa kweli, na kwenye Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, alionyesha mapenzi ya ujana ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Kazi hizo ni nzuri, ila si vichekesho na si za darasani.

Wakenya walijaribu, wakaweza. Tahidi High ya Citizen TV iliwaweka wanafunzi wa sekondari kwenye televisheni kwa miaka mingi, wakitoroka, wakipendana, wakikamatwa na walimu. Ilitazamwa kuanzia Nairobi hadi Mombasa, na waigizaji wake wakawa majina ya nyumbani. Haikuhitaji majumba ya kifahari. Ilihitaji madarasa, sare na waandishi wanaokumbuka walivyokuwa.

Dar es Salaam ina vyote hivyo, na ina zaidi. Ina foleni ya maji asubuhi, mstari wa wachelewaji getini, kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele na kuliacha jina moja kwa sababu zake, mwalimu wa zamu anayesoma kwa sauti barua aliyoikamata. Haya hutokea kila wiki katika shule za kata kutoka Chamazi hadi Bunju. Ni vichekesho vinavyosubiri mwandishi.

Bodi ya Filamu, yenye mamlaka tangu Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, ina haki ya kupanga umri wa watazamaji na iifanye kazi hiyo kwa makini. Watoto wanapoigiza mapenzi, mipaka ni ya lazima. Kushikana mikono kunatosha. Wakorea wenyewe hutumia sehemu nyingi kabla ya kufika hapo, na ndipo utamu ulipo.

Vituo vinavyonunua na kuingiza sauti tamthiliya za nje vina studio, vina watafsiri, na vina watu wenye vipaji vya sauti. Chaneli ya Sinema Zetu ipo, Maisha Magic Bongo ipo. Zitenge msimu mmoja tu kwa ajili ya shule ya sekondari ya kutwa ya pembezoni mwa jiji, na ziwatafute waigizaji wa umri wenyewe kwa ridhaa ya wazazi wao.

Nawe mwandishi unayesoma makala haya, anza na msichana wa kidato cha tatu pale Kiburugwa na mvulana wa dawati la nyuma. Mwache mwalimu aikamate barua. Darasa zima licheke. Kisha wafikishe wote wawili kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, wakiwa hai, wakiwa na kalamu zao.